Ukuta wa Siku Sita

Mingoyo, Lindi
9 Julai 1995

Kwako Fundi Tawakali,

Shikamoo baba. Mimi ni Benadetha wa Mingoyo, yule mwanamke pekee wa kundi lenu la mwezi wa tano. Nilifika salama. Lori la chumvi lilinishusha njia panda alasiri nikawakuta wenzangu wote kumi na wawili wa kikundi chetu cha wanawake wananisubiri, wameacha mashamba. Hawa ndio waliouza ufuta wao ili mimi nilipe ada yenu ya elfu kumi na tano, kwa hiyo hawakuniuliza habari za safari. Waliniuliza, "Umejua?" Nikawajibu nimejua.

Bado nauona ule ukuta. Siku sita tu! Jumatatu tunaimwagia chokaa maji inachemka kama uji, Jumamosi tunaegemea ukuta wetu wenyewe tunapigwa picha. Hata wale mabwana wa Dar es Salaam waliokuja na viatu vyeupe waliondoka wamenyooka migongo.

Sasa nasi tunataka kufanya kama ninyi. Kuna shirika limetuahidi mashine ya kusaga kwa mkopo, lakini kwanza tuwe na jengo. Fedha ya kuajiri mafundi hatuna. Naomba unieleze mnavyopiga hesabu ya mafunzo yenu. Romana, fundi cherehani wetu, anasema hajawahi kuona mtu mwenye akili timamu akilipa ili abebeshwe mawe.

Nisalimie Bi Mwahija, mwenyekiti wenu, na wajukuu.

Ni mimi mwanao,
Benadetha

*

Pande, Kilwa
28 Julai 1995

Kwa binti yangu Benadetha,

Marahaba sana. Ama baada ya salamu, sisi huku hatujambo, alhamdulillahi.

Mwambie Bi Romana kwamba mtu halipi ili abebe mawe. Analipa ili aondoke na kazi mikononi mwake. Fundi ukimwajiri, unamlipa na chakula unampa. Mwanafunzi anakulipa wewe, na juma likiisha anakwenda zake, ukuta anakuachia. Sisi tunachukua watu ishirini. Toa chakula, toa kuni za tanuri, toa posho yangu, kinachobaki ni cha kijiji. Kwa makundi matatu ya mwaka jana zahanati yetu imepata bati, kitanda cha kuzalia na posho ya mkunga. Tangu serikali ituambie kila mtu ajitegemee, wajawazito wetu walikuwa wanabebwa kwenye machela kutafuta gari barabarani. Mjukuu wangu wa mwisho amezaliwa chini ya bati lile. Naye ana mapafu, ukimsikia analia utadhani ndiye aliyelilipia.

Jambo kubwa ni juma moja. Mtu wa ofisini hapewi ruhusa zaidi ya hapo, na hatoi hela yake kama hataona ukuta umesimama. Ukimwambia arudi baada ya miezi mitatu, harudi. Bi Mwahija amepiga hesabu huku na huku, zinamrudisha palepale: siku sita.

Kuhusu chokaa na mchanga, fuata ulivyoona.

Wasalaam,
Fundi Tawakali

*

Mingoyo
14 Oktoba 1995

Kwako Fundi Tawakali,

Shikamoo baba. Tumefanya! Tumepata wanafunzi kumi na mmoja, wa Lindi mjini na wa Mtama, kila mmoja elfu nne. Mawe tulisomba pwani kwa lori. Tuliimba, tulipika pilau, hata diwani alikuja kupiga picha na mwiko wa kujengea mkononi kwa ajili ya uchaguzi.

Lakini baba, Jumamosi ilifika na ukuta haujashika. Umesimama, naam, umefika kifuani. Ila ukichoma msumari kati ya mawe unaingia wote, kama kwenye muhogo uliochemshwa. Niliwaambia wanafunzi utakauka. Mmoja, mwalimu Jerome wa shule ya msingi, alipenyeza kidole akanitazama. Nilijifanya natafuta ndoo.

Nimekaa na daftari langu nikapitia yote. Kitu kimoja tu naona ni tofauti. Mchanga wenu, ule mliokuwa mmeufunika turubai, ulikuwa wa kijivu na mzito. Wetu ni wa mtoni, mweupe. Je, hapo ndipo nilipokosea? Mvua zinakaribia na wenzangu wanataka tupandishe ukuta tuezeke. Niambie tupandishe au tusimame. Tunangoja neno lako, hatutaweka jiwe lingine kabla ya hapo.

Mwanao,
Benadetha

*

Pande
2 Novemba 1995

Binti yangu Benadetha,

Marahaba. Barua yako nimeipata na hongera sana.

Usiwe na wasiwasi. Mchanga hutofautiana mahali na mahali. Ukuta mpya ni kama mzazi aliyetoka kujifungua, unataka kutunzwa. Ufunikeni makuti, mwagilieni maji asubuhi na jioni, pandisheni taratibu. Utashika, inshallah.

Niwie radhi kwa ufupi, kundi kubwa la Dar linaingia Jumatatu na sijatengeneza kitu.

Wasalaam,
Fundi Tawakali

*

Mingoyo
19 Desemba 1995

Kwako Fundi Tawakali,

Shikamoo baba.

Ukuta umeanguka. Ilikuwa Jumatatu tarehe kumi na moja, asubuhi, baada ya mvua ya siku mbili. Tulikuwa tumeufikisha kwenye linta, juu ya milango. Romana alikwenda kuondoa makuti ili jua liupige, na ukuta ukamlalia. Watu waliokuwa barabarani walidhani ni lori limemwaga mzigo. Tulifukua kwa mikono. Uhai anao, Mungu ashukuriwe. Lakini mkono wa kulia ulikuwa chini ya mawe, na hospitali wamemkata vidole viwili. Wewe unajua cherehani, baba. Unajua mkono wa kulia unafanya nini pale.

Hajanilaumu. Ningependa anilaumu. Nilipokwenda kumwona aliniuliza kama nimekula.

Ukatibu wa kikundi nimeuacha mwenyewe kabla hawajaniambia. Wanafunzi wamedai ada zao na nimezirudisha. Mikorosho yangu nimemwekea rehani mchuuzi mmoja kwa misimu miwili. Mume wangu anatoka tu mapema. Kanisani nakaa benchi la mwisho, na baraka ya mwisho ikitolewa nimeshafika mlangoni. Nilisimama mbele ya wanawake kumi na wawili nikasema "nimejua", na sikuwa nimejua.

Naomba kitu kimoja. Usinionee huruma. Niandikie kosa langu lilikuwa wapi, lote, niwasomee wenzangu. Wajue ni mimi niliyeharibu, si chokaa, wasije wakakata tamaa na jengo.

Benadetha

*

Pande
8 Januari 1996

Binti yangu Benadetha,

Marahaba. Nimepokea habari zako kwa majonzi makubwa. Mpe pole Bi Romana. Hayo ni kudra ya Mwenyezi Mungu, binadamu hana ujanja.

Umeniuliza kosa. Mimi sikuwepo, siwezi kusema kwa hakika. Pengine mchanga hamkuuchekecha vizuri, ukabaki na udongo. Mara nyingi huwa ni hilo.

Ndani ya bahasha kuna elfu kumi, ni msaada wangu kwa mgonjwa.

Wasalaam,
Fundi Tawakali

*

Pande
26 Februari 1996

Kwa Bi Benadetha,

Salaam sana. Idi imepita salama, nasi tu wazima.

Bila shaka barua ya Fundi Tawakali umeshaipata, ile aliyoiandika ndani ya Ramadhani. Alinisomea kabla ya kuipeleka posta. Sikumshika mkono, kwa sababu mtu na funga yake huwezi kumzuia kusema lililo moyoni.

Lakini nakuomba, mimi mwanamke mwenzako niliyezaa watoto saba na kuzika watatu, barua ile ibaki kwako. Usiisome mbele ya watu. Alilolifanya hakulifanya kwa tumbo lake. Nyumba yake mwenyewe inavuja. Mwezi wa sita tunapokea watu thelathini, hatujawahi kupata wengi kiasi hicho. Habari hii ikifika Dar, hakuna atakayekuja tena, na mkunga wetu hatakaa hapa kwa kula upepo.

Tumekubaliana kwenye kamati kuwapa bati ishirini kwa jengo lenu. Niambie nimkabidhi dereva gani.

Mwahija
Mwenyekiti

*

Mingoyo
6 Machi 1996

Fundi Tawakali,

Sikupata barua yoyote. Bi Mwahija ananiomba nifiche jambo nisilolijua, na ananipa bati ili nilifiche.

Ni jambo gani?

Benadetha

*

Pande
19 Machi 1996

Benadetha,

Safari hii hukuniamkia, na umefanya haki.

Barua niliiandika kweli. Nilifika nayo posta ya Kilwa Masoko mara mbili. Mara ya pili nilinunua hata stempu nikaibandika, kisha nikarudi nayo mfukoni mwa kanzu. Bi Mwahija nilimwambia imekwenda. Kwa hiyo ujue kwamba hata kuungama kwangu kumetoka kwa kubanwa. Naandika hii mpya, maana ile ya kwanza ilikuwa na maneno mengi ya kujitetea.

Mchanga uliouona chini ya turubai ulikuwa na saruji. Nilikuwa nauchanganya mwenyewe kila Jumapili, kabla wanafunzi hawajafika, na kuufunika. Chokaa peke yake haisimamishi ukuta kwa siku sita. Inatakiwa ikae shimoni na maji yake miezi mitatu kwa uchache, ndipo ujengee, na ukijenga uweke mistari mitatu ya mawe uache ipumzike. Nalijua hilo tangu nina miaka kumi na minne. Nilifundishwa na baba yangu, kwa makofi.

Kundi la kwanza kabisa niliwafundisha kwa haki. Siku ya sita bwana mmoja mwenye kamera aliegemea ukuta, mawe ya juu yakateleza yakaanguka miguuni pake. Walicheka sana. Kisha wakaacha kucheka wakadai ada zao, na nusu ya hela ikarudi. Zahanati ilikuwa na kuta bila paa. Kundi la pili nikatia mfuko mmoja wa saruji. Hakuna aliyecheka. La tatu nikatia mitatu.

Nilijiambia hawa ni watu wa kupiga picha, wakirudi kwao hakuna hata mmoja atakayejenga banda la kuku. Ukaja wewe. Nilikuona unaandika kila kitu kwenye daftari. Siku ya tatu nilikuona umechota ule mchanga unausugua kwa vidole, unaunusa. Nikakuita, "Binti, njoo unywe uji, unapoa." Ukaja. Unakumbuka? Mimi nakumbuka.

Ulipouliza mwezi wa kumi kama mpandishe au msimame, nilijua jibu kabla sijamaliza kusoma. Neno moja lingetosha. Simameni. Niliogopa kwamba utauliza kwa nini. Basi nikakwambia mwagilia maji. Na mkono wa mwenzio ulipokwisha kukatwa, uliponiomba kosa lako, nikakupa kosa. Nikakutungia, nikakupelekea kwa posta. Nimefanya mabaya mengi katika miaka hamsini na nane, lakini hilo la mchanga kutochekechwa nikilikumbuka nikiwa na watu, naondoka nakwenda kusimama peke yangu.

Chokaa yako haikuwa na kosa. Mchanga wako ni mzuri kuliko wetu. Wewe hukukosea kitu.

Isome barua hii mbele ya wenzako, yote, na Romana awepo. Usiruke mahali.

Tawakali

*

Mingoyo
14 Aprili 1996

Fundi Tawakali,

Nimeisoma leo baada ya misa, palepale kiwanjani, watu wamekaa juu ya mawe. Nilipofika kwenye uji niliishusha barua. Mwalimu Jerome alinipokea karatasi akamalizia.

Mmoja alisema twende polisi. Mwingine alicheka, lile cheko la mtu aliyepigwa. Romana alisema, "Nisomee tena hapo pa mwezi wa kumi." Akasomewa. Akasema, "Tena." Akasomewa mara ya tatu. Kisha akanyanyuka akaenda zake, mkono ameufunika kanga.

Miezi minne nimekaa benchi la mwisho kwa kosa lako. Nimezunguka nyuma ya nyumba za watu nisipite mlangoni kwa Romana. Mwanangu alipigana shuleni kwa sababu waliniita mama kifusi. Nawe ulikuwa nayo barua mfukoni, na stempu yake.

Sasa nikwambie aibu yangu, maana nimechoka kubeba hata hii. Jerome alipokuwa anasoma yale maneno, "wewe hukukosea kitu", nilifurahi. Nilifurahi mpaka nikasikia joto usoni, na Romana amekaa mkono wa kushoto kwangu. Na jambo lingine. Mwezi ule wa kumi, Jerome alipopenyeza kidole, nilijua moyoni ukuta ule si ukuta. Ningeweza kuwaambia wanafunzi ukweli na kuwarudishia chao. Niliona haya. Niliona bora nikuulize wewe, ili jibu likiwa baya liwe lako.

Kwa hiyo sikuhukumu kama mtu msafi. Lakini sijakusamehe, na sitaki uandike kuomba.

Elfu kumi yako Romana aliikataa tangu Januari. Imo humu. Bati za Bi Mwahija hatuzitaki.

Benadetha

*

Mingoyo
25 Agosti 1996

Kwa Bi Mwahija,

Shikamoo mama. Umeniuliza kama Fundi Tawakali yuko kwetu, maana aliondoka bila kuaga. Yuko.

Alifika mwishoni mwa mwezi wa tano, kwa miguu kutoka njia panda, na mfuko wa zana begani. Alituita akasimama mbele yetu akarudia kwa mdomo yote aliyoandika. Hakuna aliyempa kiti, na mimi nilikuwepo na kiti nilikuwa nacho. Alilala barazani msikitini siku tatu. Siku ya nne mama mmoja akachoka kumwona anakaa bure, akamwonyesha pembe ya kiwanja akasema, "Basi chimba." Akachimba shimo la chokaa peke yake. Tangu hapo anakula kwa zamu nyumbani kwetu.

Naye alinieleza habari za Pande. Kwamba wale thelathini wa mwezi wa sita aliwaandikia mwenyewe ukweli, na hawakuja. Kwamba mkunga amefunga mizigo. Mama, habari hiyo ilinikalia vibaya. Niliposoma barua yako ya bati nilikuchukia, nikakuona mwanamke wa kununua watu. Sasa najiuliza ningefanya nini kama mimi ndiye ninayewaona wajawazito wanarudi kwenye machela. Nilitaka tu ujue kwamba siku hizi silali nikijisifu.

Sisi nasi tumepoteza. Mashine ya kusaga imekwenda kwa kikundi kingine chenye jengo, na jengo letu tukijaliwa litaezekwa mwakani. Mafunzo tumeanza upya. Mwanafunzi anaambiwa mapema kwamba atakuja mara tatu ndani ya mwaka: mara ya kwanza kuchoma na kutia chokaa shimoni, mara ya pili kujenga mistari mitatu, mara ya tatu kumaliza. Tumepata wanne. Kwa watu wanne hesabu haisimami, nakwambia kweli. Wakishakula, kinachobaki hakinunui bati hata moja. Fundi anasema mwaka wa pili watakuwa wengi. Jerome anasema hawatakuwa. Mimi nachekecha mchanga.

Kama Pande mtataka kufanya hivi, njooni mwone. Labda tukiwa vijiji viwili, mwanafunzi anaweza kujifunza chokaa changa kwenu na kujengea iliyokomaa kwetu, safari moja, juma moja, bila uongo. Nimelifikiria hilo nikiwa shambani. Sijui kama linawezekana, wewe ndiye mwenye kichwa cha hesabu.

Jana Romana alikuja kiwanjani, mara ya kwanza tangu siku ile. Fundi alikuwa amesimama shimoni anakoroga chokaa, mweupe mpaka kwenye nyusi. Romana alichota maji mtungini, akashuka hadi ukingoni, akampa kikombe kwa mkono uleule wa kulia. Fundi akakishika, kichwa ameinamisha. Romana hakukiachia. Wakawa wawili wameshika kikombe kimoja.

Akamwambia, "Nitazame, fundi."

Sisi wote tuliacha kazi. Ilichukua muda, mama, maji yanamwagika kidogokidogo vidoleni mwao. Ndipo akainua uso. Romana akamtazama mpaka aliporidhika, kisha akakiachia kikombe, na fundi akanywa.

Benadetha